Faili Zenye Herufi W na Mkataba wa Reli

Mwaka 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alipeleka maagizo kwa magavana wa nchi zilizokuwa zikikaribia kujitawala. Yalihusu karatasi. Serikali mpya, alisema, zisirithi waraka wowote unaoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Wala unaoweza kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wa serikali au watu waliowapa habari. Wala unaofichua njia za upelelezi. Wala ule ambao mawaziri watakaoshika madaraka wanaweza kuutumia isivyostahili. Tazama mpangilio wa masharti hayo. Ni moja tu kati yake linalohusu usalama kwa maana ambayo mtu wa kawaida angeielewa, nalo halikutangulia. Lililotangulia ni aibu. Historia ya haki ya kupata habari za serikali, hasa katika Kenya, haiwezi kueleweka bila kuanzia hapo, kwa sababu maneno tunayokutana nayo katika sheria za leo, yaani usalama wa taifa, uhusiano na nchi za nje, siri za upelelezi, yalikuwa tayari yanatumika kabla ya bendera kubadilishwa, na tunajua kwa uhakika yalitumika kufunika nini. Hoja yangu ni kwamba orodha ya mambo yanayoweza kuzuiliwa si tatizo kubwa. Karibu kila nchi inayo, na nyingi zinafanana. Tatizo ni nani anayeruhusiwa kuamua kwamba faili fulani imo ndani ya orodha hiyo, na kama kuna mtu mwingine asiye na maslahi naye atakayeifungua kabla ya jibu la hapana kukubaliwa.

Katika Kenya maagizo hayo yalitekelezwa kwa bidii. Faili ziligawanywa makundi mawili. Zile zisizo na madhara ziliitwa za urithi, na hizo ndizo Waafrika wangeachiwa. Zile nyeti ziligongwa muhuri wa herufi W, na kushughulikiwa na ofisa aliyekuwa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya pekee. Karani Mwafrika, hata awe mwaminifu namna gani, hakutakiwa kujua kwamba mgawanyo huo upo. Zilizoamuliwa kuteketezwa zilichomwa, na maagizo yalitaka majivu yenyewe yavurugwe. Pale ambapo kuchoma hakukuwezekana, karatasi zingeweza kufungwa katika makasha mazito na kutoswa kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali kadiri iwezekanavyo na pwani. Sharti lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile lililotaka ofisa anapoondoa faili ya W aweke mahali pake faili nyingine bandia, ili pasionekane pengo kwenye rafu. Kuwapo kwa kundi hilo la faili kusingefichuliwa kamwe. Hapo usiri unavuka mpaka wa kawaida. Mtu anayejua kwamba kuna waraka aliokatazwa kuuona anaweza kulalamika, kushtaki, kusubiri, kuuliza tena mwakani. Asiyejua kwamba upo hana hata la kuuliza.

Siku chache kabla ya uhuru wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1963, faili zipatazo 1,500 ziliondoka Kenya zikiwa ndani ya masanduku kama 300. Hatimaye zilihifadhiwa Hanslope Park, jumba la Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza lililoko Buckinghamshire, pamoja na faili za nchi nyingine zilizotawaliwa na Waingereza; jumla yake, ilipokuja kujulikana, ilikuwa karibu faili 8,800 kutoka nchi 37. Serikali ya Kenya ilizidai mwaka 1967, ikazidai tena baadaye, na haikupewa. Inafaa kuangalia sababu zilizotolewa, kwa kuwa zinaonyesha jinsi ofisi inavyoweza kuwa na majibu mawili yanayopingana na ikabaki salama katikati. Kenya iliambiwa kwamba nyaraka hizo ni mali ya serikali ya Uingereza. Lakini ndani ya Uingereza kwenyewe, ambako sheria ya mwaka 1958 ilitaka kumbukumbu za umma zifunguliwe baada ya muda uliowekwa, msimamo ulikuwa kwamba faili hizi si kumbukumbu za umma za Uingereza, maana zilitengenezwa na serikali za makoloni. Kwa Mkenya zilikuwa za Mwingereza. Kwa Mwingereza zilikuwa za koloni ambalo halipo tena. Hazikuwa na mwenyewe, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kuzidai.

Hali ikabaki hivyo hadi wazee watano Wakenya walionyanyaswa kambini wakati wa Hali ya Hatari, yaani vita vya Waingereza dhidi ya Mau Mau, walipofungua kesi katika Mahakama Kuu ya London mnamo Juni 2009. Wanahistoria walioitwa kama mashahidi, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walikuwa wametumia miaka mingi katika hifadhi za Nairobi na London, na walijua kutokana na vipande walivyovikuta kwamba kuna mafungu makubwa yasiyopatikana popote. Anderson alitoa ushahidi wa maandishi kwamba masanduku hayo yalisafirishwa mwaka 1963 na akataka yatafutwe. Mwanzoni mwa 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri kwamba inayo. Uchunguzi wa ndani uliofanywa na balozi mstaafu, Anthony Cary, ulionyesha kwamba haikuwa ajali tupu ya uzembe wa makarani. Wapo waliokuwa wakijua, na kutojua kwa wengine kuliwafaa. Julai 2011 Jaji McCombe alikataa ombi la serikali la kuitupa kesi. Oktoba 2012 aliamua kwamba madai yanaweza kusikilizwa licha ya zaidi ya nusu karne kupita, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa nyaraka: maofisa wa wakati ule walikuwa wameandika kila kitu. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alisimama bungeni akaeleza majuto ya serikali yake na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228.

Faili zilipofunguliwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza kati ya 2012 na 2013, watafiti waliweza kulinganisha kilichofichwa na sababu iliyotolewa ya kukificha. Nafasi kama hiyo haipatikani mara nyingi. Kwa kawaida faili inayoitwa ya usalama hubaki imefungwa na hoja inaishia hapo. Kesi ile na faili zile ziliweka mbele ya umma mawasiliano ya mwaka 1957 ambamo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimweleza Gavana Evelyn Baring jinsi mahabusu wakaidi wangeweza kupigwa bila sheria kuvunjwa waziwazi. Zilikuwamo taarifa za maofisa wa wilaya walioripoti mateso na kuambiwa wanyamaze. Miaka miwili baada ya mawasiliano hayo, Machi 1959, watu 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulianguka upesi kwa sababu hakimu wa uchunguzi wa vifo aliruhusiwa kuchunguza maiti na kuhoji walinzi. Laiti uamuzi wa nini kitangazwe ungeachiwa ofisi iliyosimamia kambi, maji yale yangebaki kuwa historia rasmi hadi leo.

Mtu anaweza kupinga, na pingamizi hili lina uzito, kwamba si kila kilichokuwa ndani ya faili za W kilikuwa aibu ya wakubwa. Yalikuwamo majina ya watu waliopeleka habari kwa polisi, ya askari wa Home Guard, ya mashahidi waliofunika nyuso zao wakiwanyooshea wenzao kidole. Kama majina hayo yangeachwa kwenye kabati la wilaya huko Nyeri au Murang'a mwaka 1963, wakati wafungwa wanarudi vijijini na kukuta mashamba yao yana wenyewe wengine, damu ingeweza kumwagika. Nakubali. Kulinda maisha ya mtu aliyetajwa ndani ya karatasi ni sababu halali ya kuizuia, na sheria yoyote ya habari isiyo na kinga hiyo ni sheria mbaya. Lakini sababu hiyo ina mipaka miwili ambayo ofisi ya mkoloni haikuiheshimu. Kwanza, inahusu jina, haihusu faili nzima. Jina hufutwa kwa wino na ukurasa uliobaki ukasomwa. Pili, inapungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Hofu ya kisasi cha mwaka 1963 haiwezi kueleza kwa nini masanduku yaliendelea kufichwa mwaka 2009. Kinga iliyotungwa kwa ajili ya mtoa habari mnyonge ilikuwa imegeuzwa mwavuli wa Gavana.

Lingekuwa jambo la faraja kusema kwamba Kenya huru, ikiwa imeibiwa kumbukumbu zake, iliamua kuwa nyumba ya madirisha wazi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda hifadhi ya taifa ya nyaraka, na nyaraka zingefunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Hilo lilikuwa jema. Lakini mwaka 1968 ikaja Sheria ya Siri za Serikali, iliyoshonwa kwa kipimo cha ile ya Waingereza, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye damu ya utumishi wa umma. Mtumishi alikula kiapo cha kutunza siri. Hakuna aliyemwapisha kutoa habari. Ripoti za tume ziliandikwa kwa fedha za umma kisha zikafungiwa. Tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila ilimkabidhi Rais ripoti yake mwaka 1999, na umma haukuiona hadi 2002. Katika miaka hiyo mitatu waliotajwa ndani yake waliendelea na kazi zao, na waliochomewa nyumba hawakuwa na pa kushika. Hakuna mkoloni wa kulaumiwa hapo. Mfumo aliouacha ulimfaa aliyeketi kwenye kiti chake.

Wakati huohuo, kwingineko mambo yalikuwa yamekwenda mbele. Sweden ilikuwa na sheria ya kuwaruhusu raia kusoma nyaraka za serikali tangu 1766. Marekani ilipata yake mwaka 1966, ikiwa na vizuizi tisa, na mwaka 1974, baada ya kashfa ya Watergate, Bunge lake likaikaza licha ya Rais Ford kukataa kuitia saini. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2005. Kenya ilikuwa na miswada iliyoandikwa, ikajadiliwa, ikalala. Kilichouvunja usingizi huo ni Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola, na hata iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa inahitajika kulinda haki fulani. Tena kinailazimu dola kutangaza yenyewe habari muhimu zinazoligusa taifa. Ilichukua miaka sita zaidi kupata sheria ya utekelezaji. Mswada ulioletwa na Priscilla Nyokabi, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Nyeri, ukawa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016.

Sheria hiyo ni nzuri kuliko sifa zake mitaani. Mwombaji haulizwi anataka habari kwa nini, na hata ofisa akikisia sababu, dhana yake haihesabiki. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 tu ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Kuomba hakulipiwi, kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala. Vizuizi vimetajwa katika kifungu cha 6, na mtu akivisoma haoni cha ajabu: usalama wa taifa, mwenendo wa haki mahakamani, uhai na afya ya mtu, faragha, maslahi ya kibiashara, uwezo wa serikali kusimamia uchumi, mashauri ambayo bado hayajafikia uamuzi, nafasi ya ofisi katika kesi, na siri za kitaaluma kama zile za daktari au wakili. Ndani ya usalama wa taifa zimeingizwa pia shughuli za upelelezi, uhusiano na nchi za nje, na mashauri ya Baraza la Mawaziri. Ila hapa ndipo sheria ya Kenya inapotofautiana na maagizo ya Macleod: inasema kwamba hata habari iliyo ndani ya vizuizi hivyo itatolewa ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara, kwa uamuzi wa mahakama, na kwamba habari iliyotunzwa kwa zaidi ya miaka 30 itachukuliwa kuwa wazi hadi ofisi ithibitishe vinginevyo. Aibu ya serikali haimo katika orodha. Juu ya ofisi inayokataa imewekwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman, na juu yake mahakama. Sheria, kwa maneno mengine, imeweka jicho la pili na la tatu. Swali lililobaki lilikuwa kama macho hayo yataruhusiwa kuona.

Jaribio lake kubwa likawa reli. Mei 2014 Kenya ilitia saini mikopo miwili na Benki ya Exim ya China kwa ajili ya reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, jumla ya dola bilioni 3.2 hivi. Mapema mwaka huohuo mwanaharakati Okiya Omtatah na Chama cha Wanasheria walikuwa wamekwenda mahakamani kupinga jinsi mkandarasi alivyopatikana bila zabuni ya ushindani. Walikuwa na nyaraka walizopewa na wafichuzi. Mahakama Kuu ilizitupa nje, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa, ingawa ilikubaliana na walalamikaji kwamba sheria ya ununuzi haikufuatwa, iliunga mkono kutupwa kwa nyaraka hizo: hazikupatikana kwa njia halali, na Kifungu cha 35 kilikuwapo kwa ajili ya kuziomba. Kanuni hiyo, ukiitazama peke yake, ina mantiki, kwa maana dola haiwezi kuendeshwa kwa karatasi zinazochomolewa usiku. Lakini kanuni inayofunga dirisha ina wajibu wa kuhakikisha mlango unafunguka.

Kuna waliopiga hodi mlangoni. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameahidi mwishoni mwa 2018, mbele ya wanahabari, kwamba mkataba wa reli utawekwa wazi. Haukuwekwa. Desemba 2019 wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliohusika na kampeni ya Okoa Mombasa, waliandika kwa mujibu wa sheria kuomba mikataba, upembuzi yakinifu na makubaliano ya mikopo. Mombasa ilikuwa na sababu ya pekee ya kuuliza: amri ya kupeleka mizigo ya bandari kwa reli ilikuwa imewanyima kazi madereva, makuli, mafundi na wenye maghala, na watu walitaka kujua ni kifungu gani kilichoifunga serikali kiasi hicho. Hawakupata walichoomba, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Serikali ilijitetea kwa kusema mikataba ina sharti la kutofichuliwa na kwamba usalama wa taifa unahusika. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kwamba kukataa huko kumevunja Kifungu cha 35, na akaiamuru serikali itoe habari zilizoombwa. Serikali iliyokuwa madarakani haikutoa. Novemba 2022, baada ya uchaguzi, waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitangaza hadharani makubaliano matatu ya mikopo ya reli, yakiwamo yale mawili ya 2014. Haikuwa kila kitu kilichoombwa, maana mikataba ya ujenzi na nyaraka za ununuzi hazikuwamo.

Sasa, kulikuwa na nini ndani? Riba ya asilimia 2 kwa mkopo wa masharti nafuu, unaolipwa kwa miaka 20, saba ya kwanza ikiwa ya kupumzika. Riba ya asilimia 3.6 juu ya kiwango cha soko la London kwa mkopo wa kibiashara, miaka 15. Kifungu kinachotaka mkopaji asimwonyeshe mtu masharti hayo bila idhini ya mkopeshaji. Kifungu kinachosema mizozo itasuluhishwa Beijing, na sheria itakayotumika ni ya China. Mtu atafute humo kambi ya jeshi, jina la jasusi, ramani ya silaha, hatavipata. Ni bei na masharti ya malipo. Kwa miaka minane, mkataba wa mkopo ambao kila Mkenya anaulipa ulikuwa siri ya usalama kwa sababu aliyeutunza ndiye aliyeuita hivyo, na hapakuwa na mtu aliyemlazimisha kuonyesha usalama wenyewe uko ukurasa wa ngapi.

Watetezi wa serikali husema, na si wote wanaosema kwa nia mbaya, kwamba mkataba ni mkataba: nchi iliyotia saini sharti la usiri ikilivunja, nani atakayeikopesha tena? Wasiwasi huo una msingi, lakini umegeuza mambo juu chini. Katiba ilikuwapo mwaka 2010. Mkopo ulitiwa saini 2014. Ofisa hawezi kwa kalamu yake kumpa mkopeshaji haki ambayo Katiba tayari imempa raia, kama ambavyo msimamizi wa mirathi hawezi kuweka rehani shamba la warithi kisha awazuie kuisoma hati. Tena, sharti hilo halikuwa la Kenya peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na taasisi ya AidData na wenzake, uliosoma mikataba 100 ya wakopeshaji wa China katika nchi 24, ulikuta masharti ya usiri yakizidi kuwa mapana, na kila mkataba wa baada ya 2014 uliochunguzwa ulikuwa nayo. Mkopeshaji ana fomu yake. Serikali inayoambiwa na sheria zake kwamba fomu hiyo haitasimama mahakamani ina hoja ya kuikataa mezani, kabla ya wino. Serikali inayojua kwamba hakuna atakayeifungua faili haina sababu ya kubishana.

Uganda inaonyesha upande wa pili. Waandishi wawili, Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama, waliomba mikataba ya kugawana mapato ya mafuta kwa sheria ya mwaka 2005. Mwaka 2010 hakimu wa Nakawa aliwakatalia, akisema hawakuonyesha kwamba manufaa ya umma yanazidi madhara ya kufichua. Swali linajitokeza lenyewe: mwombaji aonyeshe vipi manufaa ya waraka ambao hajauona? Mzigo wa kuthibitisha ukiwekwa begani kwa asiyesoma, na aliyesoma akaruhusiwa kunyamaza, haki imebaki kwenye karatasi. Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka uleule wa Kenya, 2016, na kuipa ofisi siku 30 za kujibu; lakini anayekataliwa hupeleka malalamiko yake ndani ya serikali hiyohiyo, hadi kwa Waziri. Orodha za vizuizi za nchi hizi tatu zinakaribiana sana. Kinachozitenganisha ni kiti cha mwamuzi.

Linabaki pingamizi la wakubwa wa usalama: jaji si mwanajeshi, hajui kipande gani cha habari adui atakiunganisha na kingine, na kwa hiyo amwamini mwenye kujua. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kukubali hoja hiyo mwaka 1953. Ndege ya kijeshi ya B-29 ilikuwa imeanguka Waycross, Georgia, mwaka 1948, na wajane wa wahandisi watatu raia waliokufa ndani yake walitaka ripoti ya ajali. Jeshi la anga lilisema ina siri za vifaa vya majaribio. Majaji hawakuisoma; walilitegemea neno la waziri, na kutokana na hukumu hiyo likakua fundisho zima la siri za dola ambalo mahakama za huko zinalitumia hadi leo. Ripoti ilipopatikana mwaka 2000, ikiwa imeshaondolewa muhuri, ilieleza injini iliyoshika moto na matengenezo yaliyopuuzwa. Siri za vifaa vile hazikuwamo. Majaji wale hawakukosa utaalamu wa kijeshi. Walikosa kurasa, na walikuwa na uwezo wa kuzitaka. Kusoma waraka faraghani, bila mwombaji kuuona, hakumwambii adui kitu. Kunamwambia jaji kama ofisi inasema kweli.

Kwa hiyo mabadiliko ninayoyaona yana haraka kuliko kupunguza vizuizi ni mawili. Kila ofisi ya umma itangaze orodha ya faili ilizonazo, vichwa na tarehe, hata zile zisizofunguliwa, ili asiwepo tena mtu wa kuweka faili bandia kwenye rafu. Na kila ofisi inayodai kizuizi cha usalama ikabidhi waraka wenyewe kwa Tume au kwa jaji ndani ya muda maalumu, la sivyo kizuizi kianguke. Bunge linaweza kuyaandika hayo kwa vifungu vichache, na yasingemweka hatarini askari hata mmoja.

Kabla Bunge halijafanya hivyo, sheria iliyopo haina budi kutumiwa. Raia wa Kenya anayetaka kujua fedha za zahanati ya kata yake zimekwenda wapi, au barabara iliyoishia porini ilipewa nani, aandike barua kwa mkuu wa ofisi husika, kwa Kiswahili akipenda, maana sheria inamruhusu, na asieleze sababu. Ahesabu siku 21. Ofisi ikinyamaza, kunyamaza huko kunahesabiwa kuwa kukataa, na ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwa Ombudsman. Atunze nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi.